Majina Ukutani: Kanisa la Long Melford na Fundisho la Toharani

Wanafunzi wetu wa historia ya Kanisa wamezoea kuyasoma Matengenezo ya karne ya 16 kutoka katika vitabu vya mafundisho: hoja 95 za mwaka 1517, Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, Makala za Schmalkald za mwaka 1537. Ni haki wafanye hivyo, kwa maana ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mafundisho. Lakini mkulima au mfumaji wa nguo wa wakati ule hakuwa na vitabu hivyo. Alichokuwa nacho ni jengo. Mlangoni pake alifungishwa ndoa, karibu na mlango huo alibatizwa, katika uwanja wake alizikwa, na kutoka katika kuta zake alijifunza ya kutumaini na ya kuogopa. Anayetaka kujua Matengenezo yaliondoa nini, na yaliacha nini, katika maisha ya Wakristo wa kawaida, hana budi kujifunza kulisoma jengo kama anavyosoma waraka.

Katika makala hii nimechagua jengo moja, Kanisa la Utatu Mtakatifu la Long Melford, mashariki mwa Uingereza. Msomaji wa Kilutheri atauliza kwa nini nisichague kanisa la Ujerumani, na nitagusa Ujerumani hapo mbele. Uingereza ina faida moja kwa mtafiti: kule mabadiliko yaliletwa kwa amri za serikali, moja baada ya nyingine, na kwa hiyo yanaweza kuwekewa miaka. Tena vitabu vya hesabu vya wasimamizi wa kanisa vimehifadhiwa katika parokia kadhaa, na Long Melford ni mojawapo. Swali langu ni hili: jengo lililojengwa kwa ajili ya kuwaombea wafu lilifanywaje na watu walioambiwa kwamba kuwaombea wafu hakuna faida?

Kijiji cha sufu

Long Melford ni kijiji kirefu kilichotandaa kando ya barabara katika Suffolk. Katika karne ya 15 eneo lile lilitajirika kwa kufuma na kuuza nguo za sufu, na utajiri huo ndio uliojenga kanisa. Kazi kubwa ilifanyika kati ya mwaka 1467 hivi na mwaka 1497. Mfadhili mkuu alikuwa John Clopton, bwana wa nyumba ya Kentwell. Mnamo mwaka 1462 mtu huyu alikamatwa pamoja na Mtawala wa Oxford na wengine kwa shtaka la kumsaliti Mfalme Edward wa Nne. Wenzake walikatwa vichwa. Yeye alisalimika, akaishi hadi mwaka 1497. Mtu aliyeliona shoka kwa karibu kiasi hicho hakuhitaji kuhubiriwa sana juu ya kifo.

Suffolk haina mawe mazuri ya kujengea. Ardhi yake hutoa gumegume, yale mawe meusi magumu yanayotoa cheche, na mafundi waliyapasua na kuyapanga kwa ustadi katikati ya vipande vya mawe meupe yaliyoletwa kutoka mbali. Ukuta mzima hung'aa kama kitambaa chenye nakshi. Mtindo ni ule wa Kiingereza wa karne za 14 na 15 ambao mistari yake yote huinuka wima, na madirisha yake ni makubwa mno hata ukuta hubaki kuwa kama fremu tu ya kushikilia vioo. Juu ya matao ya ndani kuna safu nyingine ya madirisha, ili nuru iingie kutoka juu. Ukumbi wa waumini una urefu wa karibu mita 46, na dari lake linaendelea moja kwa moja mpaka kwenye altare bila tao la mawe kuugawanya. Nyuma ya ukuta wa mashariki kuna jengo la pekee lenye paa lake, ndilo Kanisa Dogo la Mama Yetu la mwaka 1496. Ndani yake njia ya maandamano inazunguka chumba cha katikati.

Mifuko miwili

Kabla ya kuingia ndani yafaa tujue nani alilipia nini. Tangu karne ya 13 desturi ya Kanisa la Uingereza iligawa jengo la parokia katika sehemu mbili za matunzo. Patakatifu, yaani sehemu ya mashariki yenye altare kuu, palikuwa wajibu wa yule aliyepokea zaka kubwa za parokia, awe kasisi au monasteri. Ukumbi ulikuwa wajibu wa waumini wenyewe. Nao pia ndio waliopaswa kununua vitabu vya ibada, mavazi, vyombo na kengele. Mgawanyo huu ni mzizi wa jambo ambalo wageni wengi hulishangaa: katika vijiji vingi vya Uingereza ukumbi ni mpya, mrefu na wa kifahari, na patakatifu ni pafupi, pa kale, pa hali ya chini. Waumini walijenga; mpokea zaka alichelewa.

Mgawanyo huo haukufa pamoja na Zama za Kati. Haki ya zaka iliuzwa na kununuliwa pamoja na ardhi baada ya monasteri kufungwa, na wajibu wa kutengeneza patakatifu ukaifuata ardhi hiyo. Mnamo mwaka 2003 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi, liliamua kwamba wenye shamba moja katika kijiji cha Aston Cantlow walikuwa na wajibu wa kugharimia matengenezo ya patakatifu pa kanisa la parokia. Wanafunzi wanaodhani kwamba sheria za kanuni ni somo kavu na waitafakari hukumu hiyo.

Huko Long Melford, mali na haki za kanisa zilikuwa za Abasia ya Bury St Edmunds mpaka ilipofungwa mwaka 1539. Lakini fedha ya sufu ilivuka mpaka. Clopton alijijengea kikanisa cha misa za wafu upande wa kaskazini wa altare kuu, na kati ya kikanisa hicho na altare akaweka kaburi lake mwenyewe. Mlei alipata mahali pa kuzikwa karibu na madhabahu kuliko wengi wa makasisi waliohudumu pale.

Kiambaza na roshani

Baada ya Mtaguso wa nne wa Laterano wa mwaka 1215 kutangaza fundisho la mageuzo ya mkate na divai, na kuamuru kila Mkristo akomunike angalau mara moja kwa mwaka, tendo kuu la mlei katika misa lilikuwa kutazama. Wengi walipokea Sakramenti siku ya Pasaka tu. Siku nyingine walingoja kasisi aiinue Hostia juu ya kichwa chake. Jengo lilipaswa kutimiza mambo mawili yanayopingana: kuilinda altare, na kuionyesha.

Jibu la mafundi lilikuwa kiambaza cha mbao kati ya ukumbi na patakatifu. Sehemu yake ya chini ilikuwa ya mbao zilizozibwa, nazo zilichorwa watakatifu; sehemu ya juu iliachwa wazi, yenye nguzo nyembamba na nakshi, ili macho yapite. Juu yake palikuwa na roshani, na juu ya roshani Msalaba mkuu wenye sanamu ya Bwana, Mariamu upande mmoja na Yohana upande wa pili. Katika makanisa mengi ukuta au mbao nyuma ya Msalaba huo zilichorwa Hukumu ya Mwisho. Huko Wenhaston, pia katika Suffolk, mbao za picha ya namna hiyo zilifunikwa kwa chokaa zikasahauliwa. Zilitupwa uwanjani wakati wa ukarabati wa mwaka 1892, na mvua ya usiku ikaiosha chokaa hata wafu wanaofufuka wakaonekana tena.

Walimu wetu wa zamani walikieleza kiambaza kama ukuta wa makasisi wa kuwatenga walei. Sikubaliani nao kabisa. Wosia nyingi za karne ya 15 zinaonyesha walei wakiacha fedha kwa ajili ya kupaka rangi na dhahabu viambaza hivyo. Kile cha Ranworth katika Norfolk, ambacho picha zake zimesalia mpaka leo, ni ushuhuda wa jinsi watu wa vijijini walivyokipenda. Tena mbele ya kiambaza palikuwa na altare nyingine ndogo, ambako misa za kila siku zilisomwa hatua chache tu kutoka kwa waumini. Kosa la kiambaza halikuwa kwamba watu walikichukia. Lilikuwa kwamba walikubali kutazama badala ya kula, na wakaona hiyo inatosha.

Majina

Sasa tutoke nje tena, maana jambo la pekee la Long Melford liko nje. Kando ya paa na chini ya madirisha ya juu, kwa herufi kubwa za jiwe zilizozungushiwa gumegume, yameandikwa majina. Moja ya maandishi hayo linamwomba kila asomaye aombee roho za Roger Moryell na wake zake Margaret na Katherine, ambao kwa mali yao baadhi ya matao yalijengwa upya. Mwaka uliotajwa ni 1481. Mengine yanamtaja Clopton na jamaa yake, akina Martyn, na wafanyabiashara wengine wa nguo. Kila sehemu ya jengo ina mdai wake. Ndani, katika vioo vya rangi vilivyosalia, wanaume na wanawake wa jamaa zile wamepiga magoti katika mavazi yao bora, na majina yao chini yao.

Tusikimbilie kuita haya majivuno. Majivuno yamo, bila shaka. Hata sharika zetu zinajua ugomvi unaoweza kutokea juu ya nani aandikwe kwenye jiwe la msingi. Lakini maandishi yale hayasemi "nitukuzeni". Yanasema "niombeeni". Mtaguso wa Lyon wa mwaka 1274 na ule wa Firenze wa mwaka 1439 ulikuwa umefundisha rasmi kwamba roho za waliotubu bila kumaliza malipizi hutakaswa baada ya kifo, na kwamba misa, sala na sadaka za walio hai huwasaidia. Tajiri aliyeamini hivyo alijiona maskini kuliko ombaomba wa mlangoni, kwa maana baada ya kufa hangeweza kujifanyia lolote. Alinunua matao ili apate kukumbukwa, na alitaka kukumbukwa ili aponywe. Kanisa zima la Long Melford ni kama daftari kubwa la madeni ya wafu lililofunguliwa mbele ya wapita njia.

Hapa ndipo Luther alipogonga. Katika Makala za Schmalkald anaihesabu toharani kuwa ni mzao wa misa iliyogeuzwa kuwa dhabihu ya kununuliwa, na anaikataa kwa sababu inaondoa macho ya mwenye dhambi kwa Kristo. Katika jambo hilo siwezi kumpinga. Kama fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani ni kweli, basi Roger Moryell hakuhitaji matao. Walakini ni vema tukumbuke pia kwamba Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa mwaka 1531, katika Makala ya 24, haukatazi sala kwa ajili ya wafu. Unachokataa ni kuitumia Karamu ya Bwana kama malipo kwa ajili yao. Melanchthon alitofautisha mambo mawili ambayo wengi baada yake waliyachanganya.

Na jengo lenyewe linatuonya tusirahisishe. Kaburi la John Clopton halina sanamu yake ya kulala, kama makaburi mengi ya mabwana yalivyokuwa nayo. Ni sanduku la marimari chini ya tao, na katika tao hilo amechorwa Kristo mfufuka akiwa na maneno ya Kilatini ya Yn. 11:26, kwamba kila aishiye na kumwamini yeye hatakufa kabisa hata milele. Kaburi hilo lilitumika kila mwaka kama Kaburi la Pasaka: Ijumaa Kuu Hostia iliwekwa pale kana kwamba inazikwa, watu wakakesha, na alfajiri ya Pasaka ikatolewa kwa shangwe. Yaani Clopton aliomba kulazwa mahali ambapo ufufuo wa Bwana ungetangazwa juu ya mifupa yake mwaka baada ya mwaka. Mtu yule yule aliyeomba misa alichagua aya ya Injili. Sidhani tuna haki ya kuchukua moja na kuliacha jingine tunapomhukumu.

Amri za miaka ishirini na mitatu

Mabadiliko yalikuja upesi. Mwaka 1538 amri za kifalme zilikataza hija kwa sanamu na kupunguza mishumaa. Mwaka 1547, chini ya mfalme kijana Edward wa Sita, mali za misa za wafu zilichukuliwa na serikali kwa sheria ya Bunge, na toharani ikapoteza riziki yake kwa siku moja. Mwaka 1548 sanamu zote ziliamriwa kuondolewa. Mwaka 1550 altare za mawe zilibomolewa na meza za mbao zikawekwa. Mwaka 1553 Malkia Mary alirudisha vyote kwa gharama ya parokia zile zile zilizokuwa zimeviondoa. Mwaka 1559 Elizabeth aliviondoa tena, na mwaka 1561 ikatoka amri ya wastani: roshani na Msalaba vishushwe, lakini kiambaza kibaki. Kwa sababu hiyo viambaza vingi bado vipo Uingereza, vimekatwa kichwa.

Vitabu vya hesabu vya Long Melford vinaonyesha mali ya kanisa ikiuzwa kwa wanaparokia wenyewe. Tena tunao ushuhuda wa mtu aliyeyaona. Roger Martyn, wa ile jamaa ya wafanyabiashara wa nguo, alibaki Mkatoliki hadi alipofariki mwaka 1615 akiwa mzee sana, naye aliandika kumbukumbu ya hali ya kanisa kama alivyolijua ujanani. Anaikumbuka dari iliyopambwa kwa nyota za dhahabu, roshani yenye kinanda ambako mateso ya Bwana yaliimbwa Ijumaa Kuu, na maandamano ya Jumapili ya Matawi: Sakramenti ikibebwa chini ya chandalua kilichoshikwa na wanakijiji wanne, na mvulana amesimama juu ya kinara cha jengo akiimba unabii, kisha maua na mikate myembamba ikirushwa kati ya watoto. Anaeleza kwamba ubao mmoja wa altare wenye sanamu ya Msalaba na wanyang'anyi wawili uko nyumbani kwake, umechakaa, na anatumaini warithi wake watautengeneza na kuurudisha siku moja.

Nimeisoma kumbukumbu hiyo pamoja na wanafunzi, na kila mara wapo wanaosema kwamba mzee huyu hakuelewa Injili. Huenda. Lakini mchungaji anayeiandaa ibada yake bila kujiuliza mtoto wa miaka sita ataikumbuka kwa nini akiwa na miaka sitini, anapaswa kumsoma Martyn mara ya pili.

Wittenberg jambo hili lilijulikana mapema. Mwezi Machi 1522 Luther aliondoka mafichoni Wartburg, akahubiri siku nane mfululizo dhidi ya wale waliokuwa wakivunja sanamu kwa haraka, akisisitiza kwamba Neno lapaswa kutangulia na moyo kuwekwa huru kwanza. Kitu ambacho hakitegemewi tena kitaanguka chenyewe. Matunda yake yanaonekana Nürnberg. Mji ule ulipokea Matengenezo mwaka 1525, na hata hivyo katika Kanisa la Mtakatifu Lorenz sanamu kubwa ya Kupashwa Habari Mariamu, iliyochongwa na Veit Stoss mwaka 1517 na 1518, iliachwa ikining'inia mbele ya altare. Ilifunikwa kwa kitambaa, haikuchomwa. Uingereza hapakuwa na subira ya namna hiyo. Moyo haukungojwa, palitumwa wakaguzi.

Kilichobaki

Yale majina ya nje hayakufutwa. Mahali pengi maneno ya kuombea roho yaling'olewa, hasa katika miaka ya 1643 na 1644, ambapo William Dowsing alizunguka Cambridgeshire na Suffolk akivunja vioo na kung'oa maandishi ya shaba makaburini. Ya Long Melford yalikuwa sehemu ya ukuta wenyewe, na kuyaondoa kungekuwa kulibomoa kanisa. Kwa hiyo kwa zaidi ya karne nne waumini wa Kanisa lililokataa toharani wamekuwa wakiingia ibadani chini ya ombi ambalo Makala 39 za Kanisa lao hazikuwaruhusu kulijibu kama lilivyokusudiwa. Wameendelea kuyasoma majina. Kuyasoma majina ya waliotangulia bila kujaribu kuwalipia deni ni karibu sana na kile Waebrania 13:7 inachotuagiza, ingawa Moryell hakukusudia hivyo.

Mengine yaligeuzwa. Kanisa Dogo la Mama Yetu lilifanywa shule, na jedwali la kuzidisha lingali ukutani. Mnara ulipigwa na radi mwanzoni mwa karne ya 18, ukajengwa upya kwa matofali. Huu unaoonekana leo ulivishwa mawe kati ya mwaka 1898 na 1903 kwa mchoro wa G. F. Bodley, na wageni wengi hudhani ni wa kale. Katika karne ya 18 pia, chini ya sakafu ya patakatifu, kilipatikana kibao cha alabasta kilichochongwa Mamajusi wakimsujudia Mtoto. Yaelekea kilizikwa pale wakati wa zile amri na mtu ambaye hakutaka kukivunja wala hakuthubutu kukiacha wazi. Sasa kimewekwa katika ukuta wa kaskazini. Chini ya kibao hicho hakuna jina la aliyekificha.